Nafasi ya Tatu Kutoka Mlangoni

12 Januari

Mjomba,

Nakuandikia nikiwa mezani kwangu kazini, mchana, wenzangu wametoka kwenda kula. Niko salama. Ule mguu ulioteguka umepona, ila nikipanda ngazi unanikumbusha kwamba tulikosana. Natumaini nawe u mzima, na lile sikio lako zuri halijaamua kumwiga mwenzake. Ningekupigia simu kama ungekuwa unasikia kitu zaidi ya mvumo. Basi tuendelee na barua, kama watu wa zamani.

Pole tena kwa msiba wa mkazamjomba. Najua inakaribia miezi minne, na najua pole ya kwenye karatasi haina mkono wa kumshika mtu. Nilikwambia wakati ule kwamba barua yako ya ugonjwa wake ilichelewa, ikanikuta tumeanza kumwaga zege la paa. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nieleze shida yangu. Jengo nililolichora ni la watu wote wa mtaa. Upande mmoja kuna chumba cha kusomea, upande wa pili ofisi za vyeti na chanjo za watoto, na katikati ukumbi wa kungojea. Kila mahali nilipowahi kungoja, watu wamepangwa safu safu, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake. Mtu anakaa saa tatu na anaondoka hajui jirani yake ana sura gani. Mimi nimechora benchi moja refu la mbao, limepinda kama mwezi mchanga, ili watu waonane nyuso. Dirisha nimelishusha, aliyeketi aione barabara na aliye barabarani amwone. Mlango wa mbele hauna ngazi wala kizingiti.

Kilichonishinda ni urefu wa kiti kutoka sakafuni. Vitabu vinasema sentimita arobaini na tano. Nimevikalia vya namna hiyo, miguu inaning'inia. Mtu ambaye nyayo zake hazigusi chini hajakaa, amejishikiza tu. Nikakumbuka benchi la barazani kwetu, jinsi wageni walivyokuwa wakiaga mara nne kabla ya kuinuka.

Tafadhali nitumie kijiti cha kipimo cha benchi lile, kama bado kipo.

Mpwa wako


2 Februari

Mpwa wangu,

Barua yako imeletwa na fundi cherehani. Alikuwa posta, kwa hiyo alishaipima kwa mkono, akausoma muhuri, na kama bahasha ingekuwa nyepesi kidogo angeniambia na yaliyomo. Anakusalimu. Anasema gauni lako liko kwake tangu ulipomaliza shule, na yeye hakufungua ghala.

Mimi niko mzima. Chai siku hizi najipikia mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa nzito, ningeweza kuipaka mlango. Sasa inanyweka. Bado natoa vikombe viwili kabatini, halafu kimoja nakirudisha.

Kazi ipo, si nyingi. Mwezi uliopita nilivunja kijiti cha mzee wa posta. Unakumbuka nilimpima mwenyewe, kisigino hadi nyuma ya goti, nikamtengenezea kiti akalala nacho usingizi miaka kumi na tisa. Alizikwa Jumanne. Siku hiyo hiyo nilikitoa kijiti chake ukutani, nikakivunja gotini, nikakitia motoni pamoja na maranda. Hivyo ndivyo tulivyoachiwa kazi hii na waliotangulia. Mwenye kipimo akiondoka, kipimo chake kiondoke, na avunje yule yule aliyekikata. Kisipovunjwa, mtu anaweza kuchongewa kiti ilhali ameshazikwa, na atarudi kukitafuta.

Kijiti ulichoomba nimekufungia. Ni cha mtu mfupi kiasi, lakini warefu hawatalalamika, watanyoosha miguu. Mbao usizipake rangi. Zipake nta tu. Mbao ya rangi haimpokei mtu.

Ukiandika tena, niambie benchi hilo linatazama wapi.

Mjomba wako


6 Mei

Mjomba,

Nisamehe kwa kimya. Kabla ya kufungua jengo nilikuwa nalala kama paka, kidogo kidogo popote. Sasa nimepumzika, na afya ni nzuri. Mwambie fundi cherehani gauni lile alitoe kwa mwenye kiuno.

Kijiti kilifika, sentimita thelathini na nane. Mafundi walicheka, wakaniuliza kama tunajengea shule ya watoto wadogo. Nikawaambia wakae kwanza. Walikaa, na chakula chao cha mchana kikachukua saa mbili.

Benchi lina nafasi kumi na tano, zimegawanywa na vishikio vifupi vya kuwasaidia wazee kujiinua. Linatazama mlango wa mbele. Siku ya tatu baada ya kufungua nilimsikia mama mmoja akimweleza baba asiyemjua habari zote za figo zake, na yule baba akamwelekeza nyumba ya dada yake mwenye ugonjwa huo huo. Nilisimama nyuma ya mlango wa ofisi nikisikiliza kama mwizi. Mimi huwa napita mlango wa wafanyakazi, kule nyuma, kwa hiyo nayaona yote kupitia kioo.

Kuna jambo dogo. Nafasi ya tatu kutoka mlangoni haikaliwi. Sijaona mtu akiiogopa. Wanaingia, wanaitupia jicho kama unavyotupia jicho nafasi yenye mtu, wanasogea ya nne. Hata ukumbi ukijaa watu wakasimama, ya tatu iko wazi. Juzi mwanamke mmoja aliyekuwa akipita mbele yake alisema samahani, akakusanya sketi yake isiguse magoti ya mtu.

Na mlinzi wetu wa mlangoni naye ana lake. Sheria ya moto haituruhusu kupita watu mia na ishirini, kwa hiyo kila anayeingia humchorea mstari daftarini, na akitoka anaukata. Saa kumi na moja tunapofunga, kila siku mstari mmoja umebaki haujakatwa. Amepekua vyoo, amepekua stoo ya mafagio. Nilimwambia kwa utani kwamba kwa mwezi atakuwa amefungia watu thelathini humo ndani. Hakucheka. Alisema, "Si thelathini, dada. Ni mmoja. Anaingia kila siku, ila hatoki."

Nadhani macho yake yamechoka. Nitamtafutia miwani.

Mpwa wako


27 Mei

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika. Hapa mvua zimepungua. Bati la karakana linavuja mahali pale pale, na mimi naweka ndoo ile ile. Bawaba ya geti inalia vibaya, fundi cherehani ananisuta kwamba seremala mzima ana geti linalolia kama mbuzi. Nimemwambia mafuta yameisha.

Nimefurahi watu wanazungumza humo ndani. Mkazamjomba wako angependa. Alikuwa hawezi kukaa na mtu mahali pamoja dakika tano bila kujua mtu huyo kaamkaje. Nakumbuka siku ya harusi yetu alikalia kiti cha kuazima, miguu ikabaki hewani mbele ya wageni wote, ndipo nikaanza kumwita Kipande. Wiki ile ile nilichonga benchi la barazani.

Hiyo nafasi ya tatu, umeigusa? Ni baridi kama nyingine?

Mlinzi usimnunulie miwani.

Mjomba wako


15 Juni

Mjomba,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu ndani yake. Mimi mzima, ila sili vizuri.

Niliigusa mbao asubuhi kabla watu hawajaingia. Zile kumi na nne ni baridi kama sakafu. Ya tatu ina joto la mahali mtu alipoinuka sasa hivi.

Wiki jana msichana wa miaka kama mitatu aliletwa chanjo. Mama yake alikaa ya nne, mtoto akasimama mbele ya ile ya tatu, akawa anaitikia kwa kichwa, vizuri tu, kama anayefundishwa kitu. Mama akamuuliza anazungumza na nani. Mtoto akasema, "Bibi anauliza kama ameshaingia." Nani ameshaingia? Mtoto hakujua. Alimgeukia bibi amuulize, kisha akasema bibi amerudi kutazama mlango.

Ukumbi mzima ulisikia. Tangu hapo watu wanangojea nje juani. Kamati imeniita. Mwenyekiti ni mwanamke mpole, hakunigombeza. Alisema tu kwamba jengo la kukutanisha watu limekuwa la kuwatoa nje, na mwisho wa Agosti benchi litang'olewa, viwekwe viti vya chuma vya safu. Visogo tena, Mjomba. Nimetumia miaka minne kuikimbia ile safu.

Sasa naomba tusizunguke. Kwenye kijiti ulichonitumia, karibu na ncha, pana mfuo mwembamba, mahali uzi ulipofungwa miaka mingi ukaacha alama. Uzi ule ulikuwa mwekundu. Niliufunga mimi nikiwa na miaka saba, siku nilipoletwa kwenu, kwa sababu nilitaka vijiti vya ukutani viwe na nguo. Ulipoufungua ulidhani sitajua.

Lakini si kosa lako peke yako. Nilipoomba kijiti cha benchi lile nilijua ni cha nani. Niliandika "kama bado kipo" kwa sababu kilitakiwa kiwe kimevunjwa tangu Septemba. Nilitaka kujua kama umekivunja. Kilipofika kizima nilifurahi, nikakipimia nafasi zote kumi na tano.

Nimekirudisha kwenye kifurushi hiki. Wewe ndiye uliyekikata. Kivunje, tafadhali, kabla ya mwisho wa Agosti.

Mpwa wako


30 Julai

Mpwa wangu,

Umengoja sana, najua. Nilikuwa mzima siku zote hizi, sina la kusingizia. Fundi cherehani alikuwa akipita kila siku kuuliza kama nimeshajibu. Nikamwambia sina wino. Akaniletea wino.

Nimekiweka kijiti gotini mara tatu. Ni mti mkavu wa miaka thelathini na minne, mtoto angeweza kuuvunja. Mara ya kwanza nilisema nimalize chai. Mara ya pili nilisema nimsikilize kwanza aliyebisha hodi, na hapakuwa na mtu. Mara ya tatu nilikishika tu mpaka jua likaondoka dirishani. Kinapata joto mkononi upesi kuliko inavyostahili.

Kuna jambo sikukuandikia. Sikutaka ulibebe ukiwa mbali, halafu siku zikapita, likawa zito hata kwangu.

Alipougua hakukubali kulala ndani. Wiki tano alikaa barazani, kwenye benchi, nafasi ya tatu kutoka getini, kwa kuwa hapo tawi la mti wa getini halimzibi macho. Nilimwambia nimekuandikia. Basi kila geti lilipolia aliuliza, "Ameshaingia?" Akija muuza maziwa, ameshaingia? Akija fundi cherehani, ameshaingia? Nikamwambia kesho. Nilimwambia kesho mara nyingi mpaka naye akawa ananisaidia, ananiuliza, "Bado? Kesho basi," ili nisiseme mimi. Siku ya mwisho sauti ilikuwa imekwisha, akawa anageuza macho tu.

Sikulaumu, mwanangu. Ila zege la paa hukauka.

Kwa hiyo nimefikiri, kwa akili yangu hii ya msumeno na randa. Sisi tumemchongea mahali pa kungojea, mbao ya kimo chake, macho yake mlangoni. Wanaingia watu sabini, themanini, naye anamtazama kila mmoja. Na wewe kila asubuhi unapita mlango wa nyuma.

Nikikivunja kijiti, huenda ataondoka. Ataondoka bado anauliza. Hilo goti langu halikubali.

Ingia kwa mbele.

Mjomba wako


16 Agosti

Mjomba,

Niko salama. Nimekula leo, sahani nzima.

Kwanza nikwambie nilichokificha. Barua yako ya ugonjwa haikuchelewa. Ilifika siku kumi na mbili kabla ya mazishi. Niliisoma nimesimama, nikaiweka chini ya michoro, nikasema nikimaliza paa nitapanda basi. Basi ni la siku moja tu. Kila jioni niliiona pembe yake ikichungulia, nikasogeza mchoro juu yake. Haya, nimesema.

Jumatano, tarehe kumi na nne, nilizunguka jengo. Miezi minne tangu tulifungue na sijawahi kuupita ule mlango nilioubishania mpaka ukakosa kizingiti. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia hadi katikati ya sakafu. Mlinzi alinitazama kama mgeni, akachukua kalamu, akanichorea mstari. Benchi lilikuwa tupu. Watu walikuwa nje chini ya ukuta, wakiniangalia kupitia lile dirisha langu la chini.

Nikakaa ya nne. Nyayo zangu ziligusa sakafu, zote mbili, bila kujivuta. Sijui nikwambie nini kuhusu upande wangu wa kulia. Sikuona kitu. Kulikuwa na joto kama la mtu aliyekaa karibu nawe kwenye msiba, na harufu ya nta, ingawa nta ilikauka tangu Aprili. Sikuthubutu kugeuka. Nilijua nikigeuka nitakuta mbao.

Nilisema, "Nimeingia, Kipande." Sijawahi kumwita hivyo, ni jina lako. Lakini ndilo lililokuja.

Halafu kishikio kati yetu kikalia, ule mlio wa mtu mzima anapojiegemeza ili ainuke. Nikahisi upande wangu wa kulia unapoa, taratibu, kuanzia begani.

Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipotoka mlinzi aliukata mstari wangu. Akatazama daftari, akatazama nyuma yangu, akasema leo hesabu imelingana, hata ule mstari wa kila siku ameukata. Nikamuuliza ana maana gani. Alisema kabla yangu aliushikilia mlango, mtu akapita, akamshukuru, akamuuliza mtoto wake kaamkaje. Yeye kweli ana mtoto mgonjwa. Hajamwambia mtu pale kazini.

Alhamisi jamaa mmoja mnene aliingia na gazeti lake, akaenda moja kwa moja kukaa ya tatu, akafungua kurasa za michezo. Waliokuwa nje wakaanza kuingia mmoja mmoja. Mwenyekiti amesema benchi libaki.

Nitakuja mwisho wa mwezi ujao, mwaka wake utakapokuwa umetimia. Nimeshakata tiketi. Kijiti fanya utakavyoona.

Mpwa wako


5 Septemba

Mpwa wangu,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tatu. Sikujibu upesi kwa sababu nilikuwa na hesabu ya kufanya, nawe unajua hesabu zangu, kalamu nyuma ya sikio na mdomo unatembea.

Habari ni njema. Bati nimeliziba. Fundi cherehani ameanza kutengeneza gauni lako upya, anasema atakupima ukifika, na amekula kiapo hatakupa tena muda wa miaka kumi. Mimi mzima. Chai yangu sasa inasifiwa hata na yeye.

Kijiti sijakivunja. Nimekirudisha kwenye msumari wake na kukifunga uzi mwekundu mwingine. Waliotangulia watanisamehe, au wataniuliza nikifika.

Wewe umeandika kwamba aliinuka, na kwamba mlinzi alimshikilia mlango. Hukuandika ameelekea wapi, na mimi sikuhitaji kuuliza. Ndipo nikakitumia kijiti chake. Hatua yake ilikuwa kijiti kimoja na nusu, hilo nalijua, nimetembea kando yake miaka thelathini na minne nikifupisha yangu. Kutoka kwenu hadi hapa, kwa hatua ile, bila kupanda gari maana magari yalimtapisha, ni wiki tatu. Nimeongeza siku moja, kwa kuwa hawezi kumpita mtu njiani bila kumjulia hali.

Siku hiyo ni leo.

Benchi nimelipaka nta asubuhi. Geti nimeliacha limeegeshwa tu, na bawaba sikuitia mafuta, nipate kusikia kwa hili sikio moja. Mafuta yalikuwepo siku zote. Nakuandikia nikiwa hapa barazani, nafasi ya nne, karatasi iko juu ya ubao. Upepo hakuna, hata maranda hayatikisiki. Ukija mwisho wa mwezi, pita geti la mbele, usizunguke kwa karakana kama ulivyozoea.

Geti limelia sasa hivi.

Sijainua kichwa. Nimesogea kidogo, nampisha akae.

Mjomba wako